Baiskeli ya umeme nyepesi yenye betri ndani ya fremu: namna ya kuichagua, kuichaji na kuitunza ukiwa Uingereza

Baiskeli nazozungumzia hapa ni zile ambazo zikikupita barabarani hujui kama zina umeme. Bomba la chini la fremu limenenepa kidogo tu, hamna lile kasha jeusi la betri, hamna skrini kubwa mbele, mota imejificha kwenye habu (kitovu) ya tairi la nyuma au pale kwenye kranki, zinapofungiwa pedali. Uzito nyingi ni kilo 12 mpaka 16, wakati baiskeli ya umeme ya kawaida inacheza kwenye kilo 22 mpaka 27, na hiyo tofauti ukibeba kwenye ngazi ndio utaielewa vizuri. Mi naishi Bristol, mji wa milima, na nikisimama nayo pale Stapleton Road lazima mtu aulize hiyo ni ya umeme kweli, inaenda mbali, niliipata bei gani. Kwaiyo naweka kila kitu hapa kwa hatua, nikiwalenga zaidi mlioko Uingereza, ila sheria za Ulaya kwenye hili zinafanana sana, mlioko Ujerumani na Uholanzi mtachukua yanayowahusu.

Hatua ya 1: jua baiskeli italala wapi, kabla hata ya kuuliza bei

Watu wanaanza na bei, alafu rangi, alafu spidi. Anza na hili kwanza: betri ya nyingi ya hizi baiskeli haitoki. Yani mtumiaji wa kawaida hawezi kuitoa, ili itoke fundi inabidi afungue kranki, na kwenye zenye mota ya katikati, ile ya kwenye kranki, anashusha mota yenyewe ndio betri iteleze kutoka ndani ya bomba. Maana yake huwezi kuifunga baiskeli nje ukapanda juu na betri mkononi ukaichaji jikoni kama wanavyofanya wenzako. Baiskeli nzima ndio inaifuata soketi.

Kuna kaka mmoja huku Easton anakaa ghorofa ya tatu, lifti hamna, ngazi nyembamba zinapinda katikati ya kila ghorofa. Yeye ni kijana, anaiweka begani anapanda, hamna shida. Tatizo ni kwamba kila akifika kwenye kona madigadi ya nyuma inagusa ukuta, sasa kuna mstari mweusi umejichora kuanzia mlango wa chini mpaka kwake juu, usawa wa bega, ukiufuata unafika mlangoni kwake moja kwa moja. Mwenye nyumba hakuhitaji kuuliza ni nani. Barua ilipokuja ilitaja ukuta, alafu chini kabisa ikataja na kipengele cha mkataba kinachokataza kuchaji baiskeli za umeme ndani ya jengo, kipengele ambacho jamaa hakuwahi kukisoma.

Kwaiyo kabla hujafungua hata tovuti moja ya kuuza baiskeli jibu haya. Kuna soketi karibu na pale itakapokaa? Hapo inapokaa ni njia ya kutokea nyumbani? Maana kama ndio, usiichaji hapo, sababu zake zinakuja chini. Mkataba wa nyumba unasemaje? Wenye nyumba wengi siku hizi, hasa kwenye maghorofa, wameongeza vipengele vya betri za lithiamu baada ya moto kuwa mwingi. Na wewe mwenyewe, ukitoka shifti ya usiku ya kea (kazi ya kuhudumia wazee) ambayo umeinua na kugeuza wazee masaa 12, mgongo wako utakubali kubeba kilo 15 mpaka juu? Dada zangu wa kea nawaambia hili kwa upendo kabisa, usijibu ukiwa umepumzika Jumapili, jibu ukiwa umetoka kazini.

Kama majibu yamegoma, usikate tamaa na usilazimishe. Zipo baiskeli ambazo betri imefichwa vizuri lakini inatoka: Cowboy ya Ubelgiji betri yake inakaa nyuma ya bomba la siti na inafunguliwa kwa ufunguo, na mfumo wa Fazua wa Ujerumani ule wa kwanza betri inachomoka kutoka chini ya bomba. Utapoteza kidogo kwenye urembo, ila utalala vizuri.

Na kama ofisini au kazini kuna chumba cha baiskeli chenye soketi basi umemaliza, unachaji kule, nyumbani inakuja kulala tu.

Hatua ya 2: jua unanunua mfumo gani, jina la fremu ni la pili

Kampuni za baiskeli ziko nyingi ila mota zilizomo ndani ni za watengenezaji wachache, na fundi akija kuitengeneza atauliza mota, hataulizia rangi.

Utakaoukuta sana ni X35 ya Mahle. Huu mfumo ulizaliwa Palencia, Hispania, kwa kampuni iliyoitwa ebikemotion, alafu Mahle ya Ujerumani ikainunua mwaka 2018. Mota iko kwenye habu ya nyuma, nguvu wati 250, msukumo (nguvu ya kuzungusha tairi) Nyutoni mita 40, betri wati-saa 250 (kipimo cha umeme inaobeba) ndani ya bomba la chini, na mfumo mzima una kilo 3.5 hivi. Ndio uko kwenye baiskeli za Orbea Gain za mwanzo na Ribble nyingi za Uingereza. Juu ya bomba la juu kuna kitufe kimoja tu chenye duara la taa: nyeupe betri iko juu ya 75%, kijani juu ya 50, chungwa juu ya 25, nyekundu anza kufikiria njia ya kurudi. Mdogo wake ni X20, mwepesi zaidi, msukumo 55, na una kipimo kinachosoma nguvu ya mguu wako. Tofauti hiyo ya kipimo utaisikia. X35 inaangalia kama miguu inazunguka, basi inasukuma, hata kama unazungusha kivivu. X20 inasukuma kadri unavyokanyaga. Ukiwa kwenye foleni ya magari unaanza na kusimama, ya pili ni tamu zaidi.

Alafu kuna Specialized na mfumo wao wa SL, mota ya katikati, ile ya kwanza ni wati 240 na Nyutoni mita 35, betri wati-saa 320, imo kwenye Vado SL ambayo ina kilo 15 hivi. Bei yake ikiwa mpya imechangamka, ila huduma ya maduka ni nzuri na vipuri vinapatikana.

Hapo kwenye vipuri ndio nataka ukae kidogo. VanMoof ya Uholanzi ilikuwa baiskeli nzuri sana kuitazama, betri imefungiwa ndani ya fremu, kila kitu ni cha kwao wenyewe mpaka boliti. Julai 2023 mahakama ikatangaza kampuni imefilisika. Watu wakabaki na baiskeli ambayo ufunguo wake uko kwenye programu ya simu na seva ni za kampuni iliyokufa, mpaka washindani wao Cowboy wakatengeneza programu ya kuwasaidia watu kuhifadhi funguo zao. Mwezi uliofuata ikanunuliwa na Lavoie, kampuni iliyokuwa chini ya McLaren Applied, kwaiyo jina lipo mpaka leo. Lakini somo la pale kwa mnunuzi ni la kawaida tu: uliza fundi wa mtaani kwako anaigusa hiyo mota? Mpigie simu kabla ya kulipa, mtajie jina la mfumo. Akisema sisi hatugusi hizo, umeokoa hela yako.

Hatua ya 3: piga hesabu ya umbali mwenyewe

Usiamini namba ya tangazo. Ile ya kilomita 100 imepimwa na mtu mwepesi kwenye tambarare akiwa kwenye msaada wa chini kabisa. Hesabu yako ni rahisi: baiskeli nyepesi inakula kama wati-saa 5 kwa kilomita ukiwa mpole na tambarare, na inafika 10 au zaidi ukiwa na mlima, upepo na begi. Betri ya 250 gawanya kwa 5 unapata kilomita 50, gawanya kwa 10 unapata 25. Chukua namba ya chini. Kama kwenda na kurudi kazini ni kilomita 16 uko salama, unachaji kila ukirudi. Kama ni 30 na kuna mlima wa St Michael's Hill katikati basi unaihitaji soketi ya kazini.

Ila hapa ndio utamu wa hizi baiskeli ulipo, na ndio sababu mi nazipenda kuliko zile nzito. Ukienda zaidi ya kilomita 25 kwa saa mota inaacha kusaidia, sheria inataka hivyo, na baiskeli nyepesi haikurudishi nyuma, mota ya habu inaachia unaenda kama kawaida. Ile njia ya zamani ya reli ya Bristol kwenda Bath, kama kilomita 21, tambarare karibu yote, mi mota naizima nikishafika Fishponds naiwasha tena kwenye mlima wa kurudi nyumbani. Betri ikiisha kabisa una baiskeli ya kawaida iliyonenepa kidogo. Zile za kilo 25 betri ikiisha unasukuma kwa mguu huku unawakumbuka ndugu zako wote.

Kama bado haitoshi, mifumo mingi inauza betri ya ziada yenye umbo la chupa ya maji, inakaa kwenye kishikio cha chupa, ya Mahle ina wati-saa 208 na ya Specialized 160. Nzuri kwa safari ndefu, kwa kazini ni kubeba mzigo bure.

Kama unataka kufanya delivari masaa manane na begi la chakula mgongoni, hii sio baiskeli yako. Betri itaisha kabla ya chakula cha mchana. Tafuta ya betri kubwa inayotoka, ununue na ya pili.

Hatua ya 4: kulipa

Mpya, pitia mpango wa Cycle to Work kama mwajiri wako anao. Ulianza 1999, na tangu 2019 mwajiri anaweza kuruhusu baiskeli za zaidi ya pauni 1,000, kwaiyo za umeme zinaingia. Hela inakatwa kwenye mshahara kabla ya kodi na bima ya taifa, mtu anayelipa kodi ya asilimia 20 anaokoa kama robo hivi ya bei. Lakini kuna kitu hawakwambii mapema, na kinatugusa sisi wengi: makato hayaruhusiwi kushusha mshahara wako chini ya kima cha chini cha kisheria. Kama unalipwa kima cha chini, mpango huo umefungwa kwako. Muulize mtu wa mishahara kabla hujaenda dukani kujaribu, itakuokolea aibu.

Iliyotumika ndio wengi tutaenda huko, na kwenye hizi bei ya mkono wa pili inashuka sana kwa sababu watu wanaogopa betri. Wana haki kuogopa, kubadilisha betri ya ndani ni mia kadhaa za pauni pamoja na ufundi. Kwaiyo ukienda kuiona:

Mwambie muuzaji asiichaji siku hiyo, aichaji jioni ya jana yake aiache. Ukifika asubuhi taa iwe imejaa. Ikiwa imeshuka bila kutembea, salimia uondoke.

Panda mlima nayo, mlima wa kweli, msaada wa juu kabisa. Betri iliyochoka inaonekana kwenye mlima: taa inaruka kutoka kijani kwenda nyekundu, ukishuka tambarare inarudi kijani. Hiyo ni volti inaanguka mzigo ukizidi, seli zimechoka.

Pindua baiskeli uangalie bomba la chini kwa chini yake, hapo ndipo mawe yanapiga na ndipo watu wanaigonga kwenye ukingo wa barabara. Mkwaruzo sawa. Fremu iliyobonyea usichukue, hata kwa bei ya bure, kwa sababu betri iko nyuma ya huo ubonyeo na huwezi kuona imeumia kiasi gani.

Chaja iwe ya kwake halisi. Angalia lebo, mfumo wa volti 36 chaja yake inatoa 42. Alafu muuzaji aondoe baiskeli kwenye akaunti yake ya simu mbele yako, wewe uisajili hapo hapo kabla hela haijatoka. Namba ya fremu iangalie kwenye BikeRegister (sajili ya baiskeli ya mtandaoni), ikiwa imeripotiwa kuibiwa utaona. Risiti ya kwanza ikiwepo ndio vizuri kabisa.

Na mtu anayekwambia tukutane kwenye maegesho ya supamaketi saa nne usiku, wewe unajua.

Hatua ya 5: sheria, kwa ufupi

Uingereza baiskeli ya umeme ni baiskeli ya kawaida kisheria kama mota haizidi wati 250 za kudumu, inasaidia mpaka maili 15.5 kwa saa tu (ndio hizo kilomita 25), na ina pedali zinazofanya kazi. Uwe na miaka 14 kwenda juu. Leseni hamna, bima hailazimiki, kodi ya barabara hamna.

Kuna watu watakwambia kuna kifaa cha kufungua spidi. Usifungue. Ukishafungua inahesabika ni pikipiki isiyo na usajili wala bima, polisi wanaichukua, na kama una leseni ya gari pointi 6 za kuendesha bila bima zinaingia kwenye leseni hiyo hiyo. Kwa dereva mpya ndani ya miaka miwili ya kwanza, pointi 6 ni leseni imeondoka.

Mlioko London: kuanzia tarehe 31 Machi 2025 TfL (mamlaka ya usafiri ya London) wamekataza baiskeli za umeme zisizokunjika kwenye treni za Tube, Overground, Elizabeth line na DLR. Yako inaonekana kama ya kawaida, najua unachowaza. Bado ni ya umeme.

Hatua ya 6: kuichaji bila kuchoma nyumba

Hapa nitakaa kidogo maana ndio sehemu watu wanaipita haraka.

Betri ya lithiamu ikiharibika huwa inatoa dalili. Inavimba, inapata joto, inanuka kama kemikali, inatoa sauti ya kuchemka. Kwenye betri ya kutoa unaiona imevimba, haitaki kuingia kwenye kasha lake, unaipeleka dukani. Kwenye hizi za ndani ya fremu dalili ya kwanza hiyo huna, alumini imeifunika. Kwaiyo inabidi utumie mkono na pua. Jizoeshe kila ukichaji, baada ya nusu saa hivi pita ushike bomba la chini. Uvuguvugu ni sawa. Moto wa kukufanya uondoe mkono sio sawa, chomoa. Ukisikia harufu tamu tamu ya kemikali, kama ya rangi ya kucha, chomoa kama unaweza kuifikia kwa usalama, na usiipande tena mpaka fundi aione. Ikianguka vibaya au kugongwa, usiichaji usiku huo.

Moshi ukitoka usijaribu kuzima wala kuiburuza nje. Toka, funga mlango nyuma yako, piga 999, namba ya dharura. Moto wa lithiamu unakua kwa sekunde na moshi wake ni sumu, na wewe tofauti na mwenye betri ndogo ya kutoa una baiskeli nzima pale. Ndio maana nimesema mwanzo, usiichaji koridoni mbele ya mlango wa kutokea. Ikiwaka hapo mmebaki ndani.

Kanuni zingine fupi. Chaji ukiwa macho na uko nyumbani. Ikijaa chomoa, 250 inajaa kwa masaa matatu na kitu, sio kazi ya usiku kucha. Kihisi moshi kiwe chumba hicho hicho, na kiwe na betri ndani yake (nshaona nyumba nyingi za wabongo betri ya kihisi imehamia kwenye rimoti). Chaja ya bei rahisi ya mtandaoni achana nayo kabisa. Gharama ya umeme isikutishe, uniti ikiwa peni 25 betri nzima ni peni 6 au 7, huwezi hata kuiona kwenye bili.

Ili iishi muda mrefu, usiiache ikae imejaa wiki nzima wala usiiache kwenye sifuri. Kati ya 30 na 80 ndio inapenda. Mi naijaza kabisa siku za safari ndefu tu.

Hatua ya 7: pancha ya nyuma

Wenye mota ya katikati hamna habari hapa, tairi lenu linatoka kama la baiskeli yoyote. Wa mota ya habu mnaogopeshwa bure, ila lazima ujaribu nyumbani mara moja kabla haijakukuta kwenye mvua. Tena nyumbani kwenye mwanga, chai pembeni.

Zima kabisa kwa kitufe mpaka taa ife. Weka gia ndogo kabisa ya nyuma. Sasa fuata waya unaotoka kwenye ekseli, unaenda sentimita chache kwenye fremu alafu unakutana na kiunganishi, vipande viwili vya plastiki vilivyobanana, na mara nyingi kimefungwa na zipu ya plastiki (kile kikamba cha kubania waya). Kata zipu. Ukikiangalia kwa karibu utaona mishale miwili midogo inatazamana, ikumbuke hiyo. Shika pande zote mbili vuta moja kwa moja. Usizungushe. Ndani kuna pini nyembamba kama sindano, ukizungusha unazikunja, na pini ikikunjwa huna mota mpaka ununue waya mpya. Ikigoma sogeza polepole kulia na kushoto huku unavuta, itaachia.

Alafu fungua ekseli kwa spana yake. Nyingi ya hizi hazina ile mikono ya kufungua haraka, zina boliti ya alenki au nati, na lazima ubebe saizi yake kwenye begi, hapo ndipo watu wanakwama, wana pampu, wana tyubu, hawana spana. Kabla tairi halijatoka piga picha kwa simu jinsi ekseli na washa (vile vipete vya chuma) zilivyokaa, kuna washa yenye jino inayozuia ekseli isijizungushe, ikirudi kinyume mota itajipindisha kwenye fremu siku utakayopanda mlima. Badilisha tyubu, pitisha vidole ndani ya tairi utafute mwiba uliobaki, rudisha. Kiunganishi mishale itazamane, sukuma mpaka usione uwazi katikati, funga zipu mpya, na hakikisha waya haugusi diski ya breki wala mnyororo. Washa, zungusha, twende.

Kuzuia ni rahisi kuliko kutibu. Weka tairi za upana wa milimita 35 mpaka 40 zenye kinga ya pancha, na msimu wa vuli wakianza kufyeka nyua pembeni ya njia za baiskeli, miba inalala barabarani, kagua tairi ukifika nyumbani uichomoe kabla haijazama.

Hatua ya 8: mvua, chumvi na baridi

Mvua ya juu haina shida, zimetengenezwa kwa ajili hiyo. Maji ya chini ndio adui. Tundu la kuchajia nyingi liko chini karibu na kranki, pale pale tairi la mbele linaporushia tope. Kuna kifuniko kidogo cha mpira, na ukikifungua baada ya wiki ya mvua utakuta ukingo wake una mchanga laini uliokauka. Ukichomeka chaja hivyo hivyo mchanga unaingia na pini zinaanza kupata kutu ya kijani. Futa kwanza na kitambaa kikavu, fungua, angalia, puliza, ndio uchomeke. Kifuniko kikilegea nunua kingine, ni hela ndogo. Ongeza na kipande kirefu kwenye madigadi ya mbele kifike karibu na ardhi, kitapunguza tope kwa kiasi kikubwa.

Usioshe kwa mashine ya presha. Ndoo, sponji, brashi. Wakimwaga chumvi barabarani Januari, suuza chini na maji ya vuguvugu ukirudi, mnyororo ukaushe utie mafuta.

Baridi inapunguza umbali, utaona kabisa, na ikipanda joto inarudi. Kitu cha kutofanya ni kuchaji betri iliyo chini ya nyuzi sifuri. Lithiamu inajipaka ndani vibaya na hilo halirudi nyuma. Ukiingia na baiskeli imeganda, iache ndani saa moja mbili ndio uchomeke.

Hatua ya 9: unapoenda nyumbani

Mwezi wa 12 umefika, unaenda Dar au Mombasa wiki sita. Iache kwenye 50 au 60%, izime kabisa, chaja ichomolewe, mahali pakavu pasipoganda. Ukirudi itakuwa imeshuka kidogo tu.

Kuhusu kuipeleka: kwa ndege ya abiria haiendi. Mashirika yanaruhusu betri ya lithiamu mpaka wati-saa 100, kati ya 100 na 160 mpaka wakupe ruhusa, juu ya 160 hapana. Yako ni 250 na haitoki kwenye fremu, kwaiyo baiskeli nzima imekataliwa, na wakati wa kubishana kaunta huwa unaisha vibaya. Kwa kontena inawezekana ila ni mzigo wa hatari, lazima utangazwe hivyo kwenye karatasi. Wanaokwambia itupie katikati ya magodoro haitaonekana wanaweka mzigo wa watu wengine rehani pamoja na wako.

Na hata ikifika salama, jiulize mota ya Mahle ikileta shida Tabora nani ataigusa. Fundi wetu ni hodari kwenye kila kitu chenye spoku na mnyororo, ila mfumo huu unasoma makosa yake kwa kompyuta ya muuzaji aliyeidhinishwa. Kama unataka kumtumia mjomba baiskeli mtumie ya kawaida nzuri, gia za Shimano zinazopatikana Kariakoo, atakushukuru zaidi. Hii ya umeme iuze hapa hapa kabla ya kuhama, na chaja yake na risiti, umeiondoa kwenye akaunti yako, betri ukiiacha imejaa tangu jana usiku ili mnunuzi akija asubuhi aione.